Mwiko wa Wifi na Pini za Bwana Mdogo

Jumanne, 4 Machi

Trekta limefika! Nimekaa, nimesimama, nimekaa tena.

Ni dogo. Lakini dogo kama askari mfupi mwenye bunduki, humchezei. Rangi ya chungwa. Magurudumu ya nyuma yananifika kifuani. Likinguruma, sufuria zangu huko jikoni zinaitikia. Nimelipa jina papo hapo: Bwana Mdogo.

Mwenyewe ni binti yangu kitindamimba. Kalihangaikia yeye na ataliendesha yeye. Wale waliosema mwanamke hawezi, leo nimewaona kwenye ua wangu wamenyoosha shingo kama mabata. Nikawauliza kama wamepoteza kitu kwangu. Walikuwa wanatazama. Siwalaumu, hata mimi nilikuwa natazama.

(Naandika kwenye daftari alilolimaliza mjukuu wangu. Hesabu zake nyingi zimekosewa. Shule niliijua ukubwani, lakini hata mimi naona zimekosewa.)

Kilichoniacha mdomo wazi ni mikono. Mbele Bwana Mdogo ana mikono miwili ya chuma, na mwisho wake kuna kijiko kikubwa cha kuzoa udongo. Mimi na wifi yangu tungeweza kukaa humo wote wawili, kama tungekuwa tunapatana. Na hiyo mikono inavuliwa! Anaivua kama mtu anavyovua koti. Inabaki imesimama uani kwa miguu yake yenyewe, inamngoja. Akiitaka, anaijia polepole, anaingiza mabega, anavaa.

Hapo sasa ndipo penye pini. Tundu la mkono lazima likutane sawasawa na tundu la bega. Binti anagusa kijiti kilicho kando ya kiti, kidogo mno, na wewe unachungulia. Kwanza giza. Kisha mwanga mwembamba, kama mwezi umeandama. Unanenepa. Unafika nusu. Halafu, jamani, mwezi mpevu! Duara zima, na ng'ambo yake unawaona kuku wangu wanadonoa. Hapo unasukuma pini, nene kama kidole gumba cha mchimba visima, inaingia kimya. Kwenye ncha ya pini kuna kitundu, na humo kinaingia kibanio, kijidude mfano wa hereni. Kinalia tik. Basi. Mikono imeshakuwa mwili mmoja na trekta.

Nilimwuliza binti kama hicho kihereni ni cha urembo. Akasema hapana mama, pini inashika mikono na kibanio kinashika pini. Bila kibanio pini hutembea. Chuma kikitikisika pini inatoka kidogo kidogo, mwisho inadondoka. Kwa hiyo jitu lote lile, na mzigo wake, na mwanangu juu yake, wameshikwa na vihereni viwili! Maisha yangu yote sijaona kitu kidogo chenye cheo kikubwa hivyo.

Kisha binti akatuonyesha. Bwana Mdogo akainama, akazoa lile lundo la samadi ambalo limenishinda tangu mwaka juzi, akaliinua hewani taratibu kama mtu anayemwinua mtoto aliyelala. Nilifumba macho. Si kwa harufu.

Jioni wifi akatokea. Dada wa marehemu mume wangu huyo, nyumba yake na yangu zinagawana ua mmoja wa miti na manung'uniko mengi. Akamzunguka Bwana Mdogo mikono nyuma kama mkaguzi. Akasema kumbe ni kadogo, yeye aliambiwa ni trekta. Halafu, kwa sauti ya asali, akauliza mvua zikianza katalala wapi. Kidevu chake kikaelekea kwenye banda lake jipya la mabati. Banda halina kitu ndani! Alilijenga ili tu mimi nilione.

Binti akasema shangazi amesema kweli, trekta si la kunyeshewa. Akanigeukia. Eti nisafishe banda langu, nitoe vitu, nizibe pale panapovuja. Jumapili atakagua. Likiwa tayari, Bwana Mdogo analala kwangu. Lisipokuwa tayari, anahamia kwa shangazi.

Bwana Mdogo kwa wifi! Watu wakapige hodi kwake! Sufuria zake ziitikie, mimi nisikie kwa mbali! Nikamwambia binti kwamba mimi siamrishwi na mtu niliyemfulia nepi. Akasema sawa mama, ila Jumapili ni Jumapili.

Nimekwenda kulitazama banda. Kuku. Kitanda cha marehemu. Mlango usiofungika. Vitu visivyo na jina lakini vyenye faida. Kulisafisha kunavunja mgongo.

Nitatumia akili.

Jumatano, 5 Machi

Mpango ni huu: nijifanye mtu ambaye bila yeye kazi haiendi. Nani atamhamisha Bwana Mdogo mbali na mtu wa namna hiyo? Nimejiteua Msimamizi wa Matundu. Binti anagusa kijiti, mimi nachungulia na kutangaza. Asubuhi nzima tumevua na kuvaa, kuvaa na kuvua. Nikipaza sauti kuwa mwezi bado, anagusa. Nikisema robo, anagusa. Nikisema mpevu, injini inapumua na pini inaingia. Nilijiona kama nimepewa funguo za mbinguni.

Binti alinikanya jambo moja. Kidole kisiingie tunduni. Hata kwa utani. Nikamwambia kidole changu kina akili kuliko madereva wengi.

Lakini upande wa kulia jua lilikuwa linanipiga machoni. Nikawa sioni vizuri kama duara limetimia. Kidole nimekatazwa. Basi nikachukua mwiko, ule wa wifi, niliouazima wakati ule na bado naendelea kuuazima. Nikapenyeza mpini wake tunduni nipime. Binti hakuona. Akagusa kijiti.

Nch!

Mwiko ukawa vipande viwili. Si kuvunjika, kukatwa! Laini, safi, kama tango. Hakuna hata unyuzi uliobaki ukining'inia. Nilisimama na nusu moja mkononi, nusu ya pili chini. Mti mgumu ule! Wifi amesongea ugali kwa mwiko ule tangu mume wangu akiwa hai. Nikakitazama kidole changu cha shahada kwa heshima ambayo sijawahi kukipa.

Binti akazima injini. Akashuka. Akanigombeza! Mimi! Mbele ya kuku! Akasema nimefukuzwa kwenye matundu kuanzia saa hiyo, nisionekane karibu nayo, na nimshukuru Mungu kwamba ni mwiko. Nikamjibu kwamba mwiko wenyewe haukuwa wangu. Hiyo haikumtuliza.

Vipande nimevificha chini ya godoro. Wifi ana tabia ya kuchonga alama tatu kwenye kila chombo chake cha mti. Kwenye huo mwiko kachonga juu ya mpini na chini ya mpini, maana hamwamini mtu. Sijui kwa nini yuko hivyo.

Banda sijaligusa. Nilikuwa kazini.

Alhamisi, 6 Machi

Akili imerudi, na imerudi na mizigo.

Nilikuwa namtazama Bwana Mdogo wakati binti anakunywa chai. Ametulia tuli, mikono imevaliwa, kijiko kimelala chini. Nikajisemea, huyu mkubwa anamtii nani? Injini inamtii binti. Mikono inatii pini. Pini zinatii vibanio. Basi mwenye vibanio ndiye mwenye trekta! Nilisisimka mpaka kwenye nyayo. Kitu chenye nguvu za ng'ombe kumi, na utawala wake unaenea kwenye kiganja cha bibi mmoja.

Nimevichukua. Tik, tik. Viko ndani ya kopo la majani ya chai, juu ya rafu. Kila nikipita natikisa kopo, vinaniitikia.

Sasa mwendo ni huu. Jumapili binti atataka kutoa hukumu yake. Atakuta vibanio havipo. Atahangaika, na wifi atajitia kuhangaika. Mimi nitatoka ndani pole pole na kopo langu, niseme nyie mmevipoteza, mimi nimeviokota. Kisha niulize, kwa upole, kitu kinachopotezwa na watu kinafaa kilale kwa nani, kwa wanaopoteza au kwa anayeokota? Nani atanijibu?

Ila binti asigundue mapema. Kwa hiyo nimevichukua vile vipande vya mwiko, nikavichonga ncha kwa kisu cha jikoni, vyembamba kiasi cha kuingia kwenye vitundu vya pini, na juu nikaviachia vichwa vinene visizame. Zile alama za wifi zimebaki kwenye vichwa. Zinasaidia kushikilia. Nikavipaka masizi ya chungu vikawa vyeusi kama chuma. Nikazifuta na pini zenyewe kwa mafuta ya kupikia, maana zilikuwa chafu, na mimi uchafu sivumilii. Zikang'aa! Sasa zinaingia na kutoka kama zinateleza kwenye barafu.

Hatari hakuna. Binti mwenyewe amesema hana kazi ya trekta mpaka Jumatatu. Bwana Mdogo atasimama tu uani anapendeza.

Alipita jioni, akapiga jicho upande huu, akapiga jicho upande ule, akaona cheusi kimetokeza, akaridhika. Mtoto niliyemlea mimi! Nilitamani nimwambie jinsi nilivyo hodari.

Ijumaa, 7 Machi

Siku mbaya.

Asubuhi nilikuwa napepeta mchele. Nikasikia Bwana Mdogo ameamka. Nikadhani binti anamsogeza kivulini. Nikainua macho. Alikuwa ameinua ile mikono juu kabisa, kijiko kiko angani, injini amezima. Na chini ya mikono, chini kabisa, miguu ya mwanangu imetokeza. Amelala chali na mtungi wa grisi, anapaka viungo. Anaimba.

Ungo ulinidondoka.

Chuma chote kile juu ya kifua chake. Kimeshikwa na nini? Na mwiko. Na mwiko nilioupaka masizi mimi. Nikamwona yule mtoto alivyokuwa siku ya kwanza, ameviringishwa, anatoshea mkononi. Nikataka kupiga kelele niseme ukweli. Mdomo ukafunguka. Lakini wifi alikuwa amesimama pale pale, kaegemea gurudumu, anatafuna karanga.

Nikapiga kelele kwamba kuna nyoka.

Binti alitoka chini ya mikono kabla sijafunga mdomo. Hakuguswa. Mikono haikushuka hata unywele. Ilibaki kule juu, kimya, kama inafikiri. Mimi nikakaa chini palepale juu ya mchele.

Sasa tazama balaa. Nilikusudia, wakishaondoka pale, nirudishe vibanio haraka na mambo yaishe. Nilishavitoa kwenye kopo, viko kifuani mwangu, vimefungwa kwenye ncha ya kanga. Lakini wifi na nyoka! Kumbe anawachukia kuliko anavyonichukia mimi. Akaleta fimbo. Akaleta kiti. Akakaa kando ya gurudumu la Bwana Mdogo na kusema habanduki mpaka amwone. Nikamwambia nyoka ameshakwenda. Akaniuliza nimemwona akienda? Nikasema nimemwona. Akauliza kaelekea wapi? Nikasema kwako. Alicheka, akasema kwake hawezi kwenda, kwake pamesakafiwa.

Nilipita na maji, yupo. Nikapita na kuni, yupo. Nikapita sina kitu, akaniuliza kama ninaumwa. Binti akashusha mikono, akafuta vyombo vyake, na hapo wifi akatoa neno. Akasema mwanangu, hapa pana nyoka, pana mchele umemwagika, panya watakuja na nyoka watawafuata. Mlaze kwangu leo. Na kwa vile atakuwa kwangu, kesho asubuhi anibebee kokoto za mlangoni pa banda, kazi ndogo tu.

Binti akakubali! Akaondoka naye! Bwana Mdogo akapita kwenye ua, amebeba mikono yake mbele kama mtu aliyebeba sinia, na ile mikono ikawa inacheza kidogo kila alipokanyaga kishimo. Watu wote wakatazama kijiko. Mimi nilitazama pini.

Nilikwenda kwa wifi magharibi na kisingizio cha kuomba chumvi. Banda limefungwa kwa kufuli. Akanipa chumvi. Akanipa na ushauri kuhusu nyoka.

Nimeamua. Kesho nadamka kabla yao.

Jumamosi, 8 Machi

Hawakunisubiri.

Nimeamshwa na sufuria zangu. Zinaitikia, lakini kwa mbali. Injini! Nikavaa kanga nikiwa mlangoni, viatu nimeviacha, vibanio kiganjani. Magoti yangu hayajakimbia tangu harusi yangu, leo yamekimbia.

Nikafika kwenye ua. Yule pale. Bwana Mdogo anatoka kwenye lundo, kijiko kimejaa kokoto mpaka zinamwagika, anapanda taratibu kuelekea banda la wifi. Jua ndiyo kwanza linachomoza nyuma yake. Chungwa juu ya chungwa. Alikuwa mzuri ajabu! Hata katika hali ile, niliona. Na upande wa kulia niliona pini. Imeng'aa, imepakwa mafuta safi ya kupikia na mimi mwenyewe. Inatoka. Kila gurudumu likikanyaga jiwe, pini inatoka kidogo. Kile kichwa cha mwiko kinapinda.

Nikapiga kelele. Binti akadhani namshangilia, akanipungia mkono! Wifi akadhani nimekuja kugombana, akashika kiuno. Kelele zangu zote zinamezwa na injini.

Basi nikaingia njiani. Nikasimama mbele ya Bwana Mdogo, peku, nimeinua mikono. Yeye ameinua yake, mimi nimeinua yangu. Niliona meno ya kijiko. Niliona uso wa mwanangu juu, mdomo wazi. Akakanyaga breki.

Mwiko ukalia ta! Pini ikachomoka, ikaruka, ikalala kwenye nyasi. Mkono wa kulia ukatoka begani. Kijiko kikainama upande mmoja, polepole, kama mtu anayesinzia, halafu si polepole tena. Ardhi ilitetemeka mpaka kwenye fizi zangu. Kokoto zote zikaporomoka kwenye nguzo ya banda la wifi. Nguzo ikafikiri kidogo. Kisha kona nzima ya banda ikakaa kitako, mabati yakilia, kama mama mzito aliyechoka kusimama.

Majogoo wakakimbia.

Hakuna aliyeumia. Naandika tena: hakuna aliyeumia. Pale kijiko kilipoangukia pana shimo ningeweza kuzika mbuzi. Binti aliwahi kushuka akanishika mabega, akinipapasa kichwa, mikono, kana kwamba anahesabu viungo. Akauliza nilijuaje. Nilijuaje kwamba pini inatoka? Macho yake yalikuwa yamejaa machozi na shukrani. Nikaanza kujinyoosha. Nikasema mama ni mama, anahisi.

Wifi alikuwa ameinama kwenye kokoto. Akainuka na kitu kidogo cheusi. Akakitemea mate, akakisugua kwenye gauni. Akasema pole pole, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, kwamba hizi alama tatu ni zake. Kwamba huu ni mwiko wake.

Wakanitazama wote wawili. Kisha wakatazama kiganja changu.

Jumapili, 9 Machi

Hukumu.

Nilijiandaa kwa kelele. Kelele naziweza, ningezijibu zote. Binti hakupiga kelele. Alikaa jikoni kwangu, akaviweka vibanio mezani, na pembeni yake kipande cha mwiko. Akasema mama, Ijumaa nilikuwa chini yake.

Nilitazama vile vihereni viwili. Niliwaza jinsi mtu anavyoweza kubeba uhai wa mtoto wake kwenye ncha ya kanga, akapita nao na maji, akapita nao na kuni, kwa sababu tu jirani amekaa kwenye kiti. Nimelia kidogo. Nimesema ni moshi. Moto ulikuwa haujawashwa.

Wifi naye hakuniponda. Ilikuwa nafasi yake ya maisha na akaiacha ipite! Alisema tu kwamba amemwona bibi mzee akisimama mbele ya trekta bila viatu, na kwamba kaka yake alioa kichaa, lakini kichaa mwenye moyo. Kisha akasema mwiko nimlipe.

Mchana akaja fundi wa kuchomelea. Tunamwita Fundi Subiri, kwa sababu ndilo neno lake. Akatazama, akasema subiri. Akazunguka, akasema subiri. Akanyoosha kilichopinda, akachomelea vijinyororo viwili, kila kibanio kikafungwa kwenye mwili wa Bwana Mdogo, kisichukulike na mtu yeyote. Aliposema mtu yeyote alinitazama. Mpaka kwa Fundi Subiri habari zimefika!

Kisha binti akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Alipanda kitini, akaniambia nije nichungulie. Mimi niliyefukuzwa! Mikono nimeweka nyuma, nimeikunja kama mwanafunzi. Giza. Mwezi mwembamba. Nusu. Nikasema kwa sauti ndogo kwamba sasa. Akazima, akanipa pini niiingize mwenyewe. Nzito! Nzito kama kitoto kichanga, na baridi. Ikaingia. Nikabana kihereni.

Tik.

Mwili wote ulinisisimka. Mlio mdogo kiasi kile, na mwanangu yu salama.

Hukumu yenyewe: banda la wifi limekaa kitako, kwa hiyo Bwana Mdogo analala kwangu mpaka lisimamishwe. Kwa masharti kwamba banda langu lisafishwe leo leo, na niape. Nimeapa. Sitagusa tena pini yoyote, kibanio chochote, wala kipande chochote cha Bwana Mdogo nisichopewa mkononi. Nimeapa mbele ya binti, wifi, na Fundi Subiri, ambaye alisema subiri, rudia, sikusikia vizuri.

Tumesafisha sote. Mimi na wifi tulibeba kile kitanda. Yeye mbele, mimi nyuma, tunagombana njia nzima. Banda lilikuwa dogo kwa vitu na kubwa kwa trekta. Yote yaliisha kabla ya jua kuzama. Kumbe haikuwa kazi ya kuvunja mgongo. Ila sitamwambia mtu.

Jumanne, 11 Machi

Mvua!

Imeanza alfajiri, inapiga mabati kama mawe. Nimekwenda bandani na kikombe changu cha chai. Bwana Mdogo yupo ndani, mkavu, ametulia, mikono ameikunja mbele. Kuku wawili wamelala juu ya kiti chake. Nimesimama nimtazame, na chai ikapoa. Kila siku nasema nimemzoea na kila siku namwona upya. Nimezitazama pini kwa mbali. Vibanio vipo, vinyororo vipo. Sikugusa. Kiapo ni kiapo.

Hodi zinapigwa kwangu. Wameshakuja watatu kuomba trekta. Nimewaambia wasubiri, kama Fundi Subiri. Raha!

Lakini huyo fundi mwenyewe, mtu ambaye hajamaliza kazi kwa wakati tangu azaliwe, amekwenda kwa wifi na ameshasimamisha ile nguzo. Mvua inanyesha, yeye anafanya kazi! Ijumaa atakuwa amemaliza. Wifi amekuja kuniambia mwenyewe, ananyeshewa, anatabasamu. Eti Bwana Mdogo atahamia kwake Ijumaa, aione sakafu.

Nikaenda kutazama, kwa ujirani mwema tu.

Banda limesimama kweli. Na fundi amelitengenezea mlango mpya. Mlango wa chuma, jamani! Mpana kama ukuta, mrefu kunizidi mara mbili. Nikausukuma kwa kidole kimoja tu na ukaenda wenyewe, kimya, kama wingu. Sikuelewa. Chuma chote kile, kidole kimoja! Nikachungulia pembeni kuona kinachoushika. Bawaba mbili. Na katika kila bawaba, mmesikia, pini. Kapini kembamba, kamepakwa grisi, kametokeza kichwa juu. Mlango wote ule, kwa pini mbili ndogo kama hizo! Nilisimama kwenye mvua nikistaajabu.

Hakuna kinyororo. Na banda lisilo na mlango halilazi trekta.

Nami niliapa juu ya vipande vya Bwana Mdogo. Mlango wa wifi si kipande cha Bwana Mdogo. Hata binti atakubali.

Pini ya chini imekataa kutoka. Ya juu iko kwenye kopo la chai. Na mahali pake nimeweka kile kipande cha mwiko cha upande wa kushoto, nilichokiokota fundi alipofunga vibanio, ambacho, haki yake isemwe, hakikuvunjika hata kidogo. Kimechongwa upya, kimepakwa masizi, kimeenea vizuri. Mlango bado unakwenda kama wingu.

Safari hii alama tatu nimezifuta kwanza. Mtu hujifunza.